Ukipikiwa Nyama, Kagua Mara Mbili

Mercy, aliyerithi gambuti zangu na kazi yangu, amenisumbua tangu nistaafu niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ukaguzi, ili hawa wapya wajue wanaingia wapi. Nilimwuliza wapya wanataka kujua nini. Akasema, "Chochote, Mathe, bora isiwe story ya mikutano." Hapo tumepatana. Mikutano nilikaa mingi, na sikumbuki hata mmoja isipokuwa ule ambao kiti kilivunjika mwenyekiti akiwa juu yake. Mengine yote ninayoyakumbuka yalitokea shambani, nyuma ya mabanda ya kuku, au mbele ya sahani ya chakula.

Kwa asiyetujua, sisi ni kikundi cha wakulima wa mboga na wafugaji wadogo wa Kibera na Kawangware, jijini Nairobi. Mashamba yetu ni vipande vya ardhi chini ya nyaya za stima, kandokando ya vijito, na magunia ya mchanga yaliyopangwa kwenye baraza za ploti za kupangisha. Tulijiwekea wenyewe kanuni za kutunza maji, udongo na mboga zetu. Hakuna askari aliyetulazimisha, na ndiyo maana kazi hii ni ngumu. Mtu anayeogopa askari unamwelewa. Aliyejifunga kwa hiari yake anaweza kujifungua saa yoyote, na hapo ndipo mkaguzi anapoanza kuumwa na kichwa.

Mambo yalianza kwa maneno ya sokoni. Watu walikuwa wakisema sukuma wiki ya mtoni inanyweshwa maji ya choo, na kusema ukweli, nyingine ilikuwa inanyweshwa. Pale Soko la Toi mteja alikuwa anainua fungu, analinusa, kisha anauliza, "Hii imetoka wapi?" Ghafla kila mama mboga akawa na shamba Limuru, mbali na mto wetu. Biashara ikalala. Wakulima wachache wakakaa chini na kukubaliana mambo manne. Maji ya choo wala ya kufulia yasiguse shamba. Ukipiga dawa, funga kitambaa chekundu kwenye tuta mpaka siku za kungoja ziishe. Mbolea ya mifugo ifunikwe, ikae mbali na kijito. Na chupa ya dawa ikiisha, isuuzwe mara tatu, itobolewe, irudishwe kwenye pipa la kikundi, mtu asije akaipeleka nyumbani kuwekea mafuta ya taa.

Kila aliyekubali alipewa kifuniko cha ndoo ya rangi, upande mmoja umepakwa kijani, wa pili umeachwa mweupe. Kijani chenyewe kilikuwa mabaki ya rangi ya baa fulani, ndiyo maana kinang'aa vile. Unakitundika kwenye mlingoti mahali pa kuingilia. Kijani maana yake ninashika makubaliano. Cheupe maana yake kuna kitu hakijakaa sawa, nipe muda. Kanuni ya mwisho ilitoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akitoa mchele mawe. Alisema mkaguzi asiguse kifuniko cha mtu. Mwenye shamba akigeuze kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakacheka. Mmoja akauliza nani atajigeuzia mwenyewe. Yule mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Kama hawezi kujigeuzia, alitundika ya nini?" Huyo alikuwa Mama Adhis, na shamba lake lilikuwa chini ya nyaya, pembeni mwa Soweto West.

Mimi wakati huo nilikuwa nachambua maharagwe kwenye kiwanda kimoja cha kufunga mboga za kwenda ng'ambo. Huko pia kulikuwa na wakaguzi, watu wa makoti meupe na vibao vya kuandikia. Tulikuwa tunajua wanakuja kwa sababu siku moja kabla, sabuni ilikuwa inaonekana chooni. Kikundi kilitafuta mtu anayejua kuandika na asiye na shamba, ili asijipendelee. Mwenyekiti Wafula, mtu wa kwetu magharibi, akanitaja. Mama Adhis akapinga papo hapo. "Huyu amezoea maharagwe ya wazungu. Sukuma atajulia wapi?" Kwa kuwa ndiye aliyepinga, wakampa kazi ya kunifundisha.

Siku ya kwanza nilifika shambani kwake nikiwa nimevaa raba nyeupe. Aliziangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia kifaranga kinavuka barabara. Kufikia saa nne hazikuwa nyeupe tena. Nilizunguka matuta, nikatoa kaunta buku, nikaandika.

"Umeandika nini?" akauliza.

"Shamba safi."

"Umejuaje?"

"Nimeona."

"Umeona majani. Majani hata kwa makaburi iko poa. Futa."

Nikafuta. Kisha akanifundisha kazi, na ninaiandika hapa kama alivyoniambia kwa sababu haijazeeka. Chukua chupa ya soda isiyo na rangi, ijaze maji wanayomwagilia, iache itulie wakati unakagua mengine. Baadaye weka kipande cha gazeti nyuma yake. Ukishindwa kusoma kichwa cha habari, usiendelee. Ukiweza, bado nusa, maana kuna uchafu usioonekana, na huo utaufuata mpaka mfereji unapoanzia, kwa miguu yako. Chuma kirefu kichomeke katikati ya lundo la mboji, hesabu polepole mpaka mia, kitoe, kishike. Kikiwa cha moto, mboji inafanya kazi. Kikiwa baridi, hiyo ni takataka iliyopangwa vizuri. Pampu ya dawa ya mgongoni, usiulize inaoshewa wapi. Tafuta mahali nyasi zimekauka kwa duara. Na mwenye shamba akikuambia hatumii dawa kabisa, muulize wadudu wake wameokoka lini.

Tulipomaliza akachuma sukuma kwenye tuta lile lile, akaikata nyembamba, akaikaanga kwa kitunguu na nyanya, akasonga ugali. Nikamwambia asijisumbue, nimebeba chapati.

"Chapati utakula kesho. Hapa mkaguzi anakula kitu amepitisha. Kama hauwezi kuikula, usiandike safi."

Nikala. Ikawa ndiyo desturi ya kikundi mpaka leo: kwa mkulima unakula mboga ya tuta ulilokagua, kwa mfugaji unakula yai au unakunywa maziwa ya pale pale. Nimekula sukuma kuliko sungura yeyote wa Nairobi. Siku hiyo alipokuwa anasuuza sufuria akaniongezea somo la mwisho.

"Na siku ukipikiwa nyama, kagua mara mbili."

"Kwa nini?"

"Mtu ako na shamba mzima ya sukuma, halafu anakupikia nyama. Hiyo sukuma imemkosea nini?"

Somo hilo lilinilipa mapema. Kulikuwa na mchungaji mmoja hapa Gatina, Kawangware, aliyefuga kuku wa mayai nyuma ya kanisa. Nilipokwenda kumkagua nilitarajia yai la kuchemsha. Nikaletewa mbuzi wa kukaanga, chapati, na soda baridi, na bado akaomba sala ndefu juu yake. Nilisema amina, nikainuka, nikaenda kukagua tena. Nyuma ya ukuta wa choo nikakuta lundo la samadi ya kuku liko wazi, maji yake meusi yakiteremka kwenye mtaro kuelekea kijitoni, na nzi wa kutosha kuanzisha tawi lao la kanisa.

"Mchungaji, hii ni nini?"

"Hiyo ni mbolea, dada. Mungu amebariki."

"Na hawa nzi?"

"Hayo ni majaribu."

"Funika na karatasi ya nailoni, chimba mtaro uende kwa shimo, majaribu yatapungua."

Ninamsifu kwa hili: aligeuza kifuniko chake siku hiyo hiyo. Jumapili waumini wakauliza kwa nini ni cheupe, ikabidi awaeleze madhabahuni. Nasikia yalikuwa mahubiri yake bora kwa muda mrefu. Nilirudi baada ya wiki tatu, nikapewa yai la kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi, na sijawahi kula yai tamu kama lile.

Ningeweza kuendelea hivi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa na vichekesho vingi na mimi ni mtu wa kucheka. Lakini kuna kisa kimoja ambacho nimekizunguka tangu nianze kuandika, na hawa wapya wana haki ya kukisikia kutoka kwangu kabla hawajakisikia Toi kikiwa kimeongezwa chumvi.

Ulikuwa wakati wa ukame. Mabomba yalitoa hewa wiki baada ya wiki. Mikokoteni ya maji ikipita, watu wenye watoto walikuwa wanaipigania, na hakuna aliyethubutu kununua mtungi akamwagilia mboga. Mashamba yetu yakawa kahawia. Mama Adhis naye, miezi michache kabla, alikuwa amepata mteja wa kudumu: Kanini, mpishi wa shule moja ya msingi ya pale karibu, alikubali kuchukua sukuma yake yote kila asubuhi ya siku za shule. Kanini alimchagua kwa sababu ya kifuniko cha kijani. Kwa Mama Adhis haya hayakuwa mambo ya ziada. Binti yake Adhis alikuwa amefariki na kumwachia wajukuu watatu, na chakula cha nyumba ile nzima kilitoka kwa mteja yule mmoja.

Jumatatu shule zilipofunguliwa nilikwenda kumkagua. Majirani wote matuta yao yamekauka, yake ya kijani. Nikafurahi. Sikushangaa hata kidogo, nilifurahi tu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wangu na rafiki yangu, na nilidhani anajua siri fulani ya kilimo ambayo atanifundisha nikitulia. Kabla sijatoa chupa yangu akaniita. "Kuja ukule kwanza, jua ni kali." Nikakaa. Akaweka ugali. Akaweka kuku wa kienyeji, mchuzi umeiva, mafuta yanaelea juu.

Nilikuwa nimemaliza paja na ninaelekea kwenye kidari wakati akili yangu ilipofika. Mkono ulisimama njiani. Mama Adhis alikuwa anaangalia moto. Nikanawa mikono, nikachukua chupa, nikafuata mfereji wake mpaka nyuma ya nyasi za ng'ombe. Huko juu, watu wengine walikuwa wameshindilia gunia kwenye bomba la maji taka, likafurika. Na kutoka kwenye furiko lile kulikuwa na mtaro mdogo, umechimbwa vizuri kwa jembe, kingo zake zimenyooka. Namna ile ya kuchimba niliijua. Sikuhitaji gazeti.

Nikarudi. "Mama Adhis."

"Nimeona umeona."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Si mimi nilifunga hiyo bomba, Nekesa. Mimi nilifungua tu kanjia kadogo."

"Na kifuniko?"

"Nikigeuza hiyo kitu leo, kesho Kanini ameenda kwa mwingine. Hawa watoto wangu watakula kifuniko?"

Kazi yangu ilikuwa kuandika nilichokiona na kumfikishia mwenyekiti jioni ile ile, ili mwenye shamba asipogeuza kifuniko, wanunuzi waambiwe. Kalamu ilikuwa mfukoni. Niliiacha huko. Nilijiambia ninampa nafasi ajigeuzie mwenyewe, kama kanuni yake inavyosema, na nikaona nimefanya jambo la heshima. Ilikuwa woga. Niliogopa kumpoteza.

Jumanne nikapita tena. Kifuniko kijani. Kanini alikuwa anapakia mafungu kwenye mkokoteni, mchangamfu kama kawaida yake, akaniambia watoto wanaipenda sana sukuma ya Mama Adhis, ni laini. Nikamwuliza habari za nyumbani. Ndivyo nilivyofanya, niliuliza habari za nyumbani, nikaenda zangu.

Jumatano asubuhi nikiwa njiani kwenda huko tena, nikakutana na Blessing, mjukuu wa kati wa Mama Adhis, aliyesoma shule ile ile ya Kanini. Alikuwa amebeba kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, amekikumbatia kifuani.

"Sasa Blessing. Kwani shule siku hizi hakuna lunch?"

"Iko. Lakini Dani amesema nisikule sukuma ya shule. Amenipakia mayai."

Dani ni bibi, kwa Kijaluo. Nilibaki nimesimama pale njiani mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya asubuhi ile haijanitoka, kwa sababu mtoto yule aliniangalia akitabasamu, na mimi nilikuwa nimejua tangu Jumatatu.

Nilimkuta Mama Adhis anafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Nikamwambia, "Nimekutana na Blessing. Amebeba mayai."

Mikono yake ikatulia.

"Wale wengine hawana dani wa kuwapakia," nikasema.

Nikatoa kaunta buku. Niliandika nikiwa nimesimama, nikimsomea kila neno kwa sauti: kwamba shamba hili linanyweshwa maji ya choo; kwamba niliona Jumatatu; kwamba mimi, mkaguzi, nilinyamaza mpaka leo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akapangusa mikono kwenye leso, akatembea hadi kwenye mlingoti na kukigeuza kifuniko. Upande mweupe ulikuwa msafi sana, maana haukuwahi kuona jua.

Kanini akafika na mkokoteni wake. "Mama, kwani leo iko nini?"

"Leo hakuna sukuma. Hata ya jana na juzi haikuwa sawa. Nilimwagilia na sewage."

Kanini akaweka mikono kichwani. "Na mimi nimepikia watoto!"

"Umepikia. Si makosa yako. Ni mimi."

"Na mimi nilijua," nikasema.

Kanini alituangalia wote wawili kwa zamu. Angetutukana ingekuwa afadhali. Aligeuza mkokoteni na kwenda. Sikusikia mtoto aliyelazwa. Kanini huchemsha sukuma mpaka isahau ilikuwa na rangi gani, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa. Lakini kwa siku mbili nilikuwa nimewaachia watoto wa watu bahati nasibu, na mpaka leo nikipita karibu na shule ile saa ya chakula, huongeza mwendo.

Mwenyekiti Wafula alinisimamisha kazi mpaka muhula uishe. Alifanya vizuri. Nilitumia siku za kwanza kwenda kung'oa sukuma ile na Mama Adhis, maana yote ilibidi itoke. Tuliziba kale kamtaro, tukang'oa tuta baada ya tuta, na hakuniambia hata neno moja. Aliongea na jembe. Wanakikundi walipeleka nyumbani kwake unga na mboga za magunia yao, kila mtu kwa siku yake, na siku yangu ilipofika alipokea mlangoni, akasema asante kwa Kijaluo, akafunga. Tukikutana Toi alikuwa anamsalimia aliyesimama kando yangu. Muhula ukaisha, mvua zikanyesha, nikarudi kazini, na bado.

Halafu siku moja Blessing akaja mpaka Gatina ninakoishi, amepanda ngazi zote za ploti yetu, anahema. "Dani amesema ukuje ukule."

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Kifuniko kilikuwa bado cheupe. Mama Adhis alikuwa amekaa kando ya moto, sufuria imefunikwa, kigoda changu kimewekwa. Sikukaa. Nilijaza chupa, nikafuata mfereji mpaka mwanzo wake, nikachomeka chuma kwenye mboji, nikatafuta nyasi zilizokauka kwa duara. Nikasoma gazeti kupitia chupa, kichwa cha habari na maneno madogo ya chini yake. Ndipo nikakaa.

"Ungekaa kwanza ningekufukuza," akasema.

Akafunua sufuria. Sukuma na ugali, basi. Tulipokuwa tunakula nikamwuliza kitu kilichokuwa kimeniwasha miezi yote ile. "Ile siku, kwa nini ulinipikia kuku? Si wewe ndiye ulinifunza?"

Akaniangalia kama siku ile ya raba nyeupe. "Yawa, Nekesa. Sasa ningekulisha ile sukuma?"

Nililia juu ya ugali wangu, na sioni sababu ya kuficha. Alijua nitamkamata, na bado hakuweza kuniwekea mboga ile kwenye sahani. Alisubiri nimalize kulia, akaniambia ugali unapoa, akaenda kugeuza kifuniko. Kanini alirudi muhula uliofuata. Alikuja na gazeti lake mwenyewe, na siku hizi hatoki shambani kwa mtu bila kusoma kupitia chupa.

Kuhusu miaka ya mwisho sina mengi. Simu ziliingia. Nyinyi vijana mnapiga picha shamba na kuituma, na ramani, na saa. Ni vizuri, inapunguza kutembea. Ila picha haina harufu, na kuna mkulima mmoja alinitumia picha ya tuta la jirani yake kwa miezi miwili kabla sijatambua paka wa huyo jirani kwenye kona. Nendeni kwa miguu. Mimi niliacha kazi kwa sababu magoti yalitoa notisi kabla yangu. Kikundi kilinifanyia sherehe kwenye ukumbi wa yule mchungaji, wakachinja mbuzi, na watu wakaniangalia kama nitakwenda kuchungulia nyuma ya choo. Nilikwenda. Kulikuwa safi.

Siku hizi nina magunia yangu sita kwenye baraza hapa Gatina, sukuma na dania, na kifuniko changu nimekitundika kwenye nguzo ya ngazi. Kijani. Kwetu aliyestaafu hukaguliwa kama mtu mwingine yeyote. Wiki iliyopita Mercy akanipigia simu kwamba zamu yangu imefika, na kwamba kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wangu, atakuja na Mama Adhis asije akanionea haya.

Nikafurahi mno. Mama Adhis kupanda ngazi zangu, na miguu yake ile ya uzee! Nikasema sitamwekea sukuma mgeni kama huyo. Mtu wa ziwa hupokewa kwa samaki. Nilikwenda sokoni mapema, nikachagua ngege mkubwa, nikamkaanga, nikamtia kwenye mchuzi wa nyanya, nikasonga ugali. Wakafika, tukakumbatiana, nikawaketisha, nikawawekea sahani mbele.

Mama Adhis aliangalia samaki. Akaangalia magunia. Akaniangalia mimi.

"Nekesa," akasema polepole, "samaki ni ya nini?"

Nikafungua mdomo kumwambia ni heshima. Naapa ndivyo nilivyokuwa nimejiambia, tangu sokoni mpaka jikoni. Lakini maji yalikuwa yamekatika hapa Gatina siku kumi, na nyuma ya mlango wa bafu kulikuwa na ndoo ya maji ya kufulia, yenye povu, na kikombe cha kumwagilia kikielea juu yake. Mercy alikuwa ameshainuka, chupa mkononi.

"Kaa," nikamwambia. "Wacha nikuokolee kazi."

Nikaenda mpaka kwenye nguzo, nikakigeuza kifuniko changu kwa mkono wangu. Nyuma yangu nikasikia Mama Adhis anacheka kile kicheko chake cha kukohoa, na kigoda kinasogezwa karibu na meza.

"Haya," akasema. "Sasa hiyo samaki inalika."